Mguu mmoja ukivimba, weka mafuta chini

Mwalimu aliingia saluni saa tatu asubuhi akichechemea. Juzi yake alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa basi, akashuka stendi ya Nane Nane hapa Mbeya usiku, na tangu alipoamka kesho yake mguu wa kushoto ulikuwa "umekaza". Saluni yenyewe ni ndogo, upande wa Mwanjelwa, viti viwili vya kusukia mbele na pazia la kitenge nyuma. Nyuma ya pazia ndiko kwenye kitanda cha masaji. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikimsubiri mke wangu amalizie kusukwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nichue huu mguu, msuli umekaza. Lile basi limetukalisha kutwa nzima."

Dada anayechua alimkalisha, lakini hakugusa chupa ya mafuta. Alimwomba apandishe gauni hadi magotini, akaiweka miguu yote miwili sambamba na kuitazama. Kisha akachukua uzi wa kusukia, akauzungusha kwenye kigimbi cha kulia, akaushika kwa ukucha pale ncha zilipokutana. Uzi ule ule akauzungusha kwenye kigimbi cha kushoto. Haukufika. Ulipungua kama upana wa vidole viwili. Akabonyeza ugoko kwa dole gumba, akahesabu polepole, akaliondoa, shimo likabaki. Mwisho akapitisha mgongo wa mkono wake juu ya vigimbi vyote viwili, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Mama, huu sichui. Huu uende nao hospitali sasa hivi, na usitembee. Nakuitia bajaji."

Mwalimu hakufurahi. Alikuwa amekuja na hela yake, alisema, na anajua mwili wake. Dada akamjibu kwa upole, "Najua mama. Nikikuchua nikakukosea, hela hiyo nitaipeleka wapi?"

Mchana tukasikia kuwa ultrasaundi imeonyesha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mwalimu akalazwa na kuanzishiwa dawa. Nimekaa na tukio hilo kwa miezi sasa, na kadiri ninavyozidi kuuliza maswali katika miji yetu hii ya nyanda za juu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba alichofanya dada yule kwa uzi wa rasta kinapaswa kufanywa kila mahali watu wanapochuliwa. Mahali pengi hakifanywi.

Tuanze na huo mguu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda, na kinachoisukuma zaidi ni misuli ya kigimbi kila unapopiga hatua. Ukikaa kitini kutwa, magoti yamekunjwa, misuli hiyo imelala. Damu inatuama, na inayotuama huweza kuganda. Mgando ukibaki mguuni, mguu unavimba na kuuma. Ukikatika, unapanda hadi moyoni, unasukumwa mapafuni na kuziba njia huko. Mtu anaishiwa pumzi ghafla, kifua kinachoma, pengine anakohoa damu. Wengine hufariki hata hospitali hawajafika. Mkono unaokandamiza kigimbi chenye mgando unaweza kuukata. Madaktari katika nchi mbalimbali wameandika visa vya namna hiyo, vya watu waliochuliwa mguu na mara mapafu yakaziba. Na ule uzi wa dada haukuwa ubunifu mtupu. Vigezo vya Wells, ambavyo madaktari hutumia kukisia kama mgonjwa ana mgando mguuni, huhesabu tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya kigimbi kimoja na kingine.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kuuchunguza uhusiano wa safari na mgando kupitia mradi ulioitwa WRIGHT, na ripoti yake ikatoka mwaka 2007. Ilionyesha kwamba safari ya kukaa tu kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari karibu maradufu, iwe ni ndege, treni, basi au gari dogo. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Sitaki kumtisha mtu aogope kupanda basi. Lakini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na ukisimama Makambako ukahesabu mabasi yanayopita kwa siku moja utaelewa kwamba hatari ndogo ikigawiwa abiria wengi hivyo, kuna watakaoangukiwa. Ongeza hapo mjamzito, mzazi mpya, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, aliyefungwa hogo mguuni, mwenye saratani, mama anayemeza vidonge vya majira. Hao hatari yao iko juu kabla hata hawajakata tiketi. Na wote hao wakifika nyumbani na mguu unaouma, mtu wa kwanza watakayemfikiria ni mchuaji.

Hapo ndipo hesabu za kazi hii zinapogeuka. Watu husema masaji ni starehe ya wenye afya na hela. Labda ni hivyo kwenye hoteli za ufukweni. Huku kwetu anayechuliwa ni mbeba mizigo wa Uyole aliyepandisha magunia ya viazi ya lumbesa garini tangu alfajiri, mchuma chai wa Mufindi, dereva wa lori aliyekaa siku nne kwenye foleni Tunduma, bibi wa Tukuyu ambaye magoti hayakunji tena. Anakuja kwa sababu anaumwa. Na mtu mzima anayeumwa kwa muda mrefu, mara nyingi ana zaidi ya ugonjwa mmoja: presha na kisukari pamoja, au moyo na figo, au virusi na kifua kikuu. Mchuaji wa mtaani anapokea kila siku miili ambayo daktari angesoma faili lake kwanza kabla ya kuigusa, na yeye faili hana.

Atafanyaje basi? Nimewahi kuona fomu zilizochukuliwa mtandaoni zikiwa zimechapwa na kubandikwa ukutani, orodha ndefu ya magonjwa, mteja atie tiki. Kwangu hiyo ni njia mbaya hapa kwetu. Kwanza, watu wengi hawajui majina ya magonjwa yao. Mtu anajua ana "presha" na anameza "kile kidonge cheupe". Pili, kuna magonjwa ambayo hakuna atakayeyatia tiki mbele ya msusi na wateja wenzake.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022-2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba mchuaji yeyote mwenye wateja wa kutosha Njombe au Makambako amekwisha kuwagusa watu wanaoishi na virusi, mara nyingi, na hakuna lililompata, kwa sababu ngozi nzima haiambukizi. Hana haja ya kujua nani anavyo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumbagua mtu kwa hali yake, na inalinda siri yake. Anachohitaji kujua ni vitu vingine kabisa: kama kuna kidonda au mkanda wa jeshi, kama miguu ina ganzi, kama kuna mabaka meusi au ya zambarau yanayoambatana na uvimbe, kama mtu ana homa leo.

Kwa hiyo nasema: ulizia dalili, usiulizie jina la ugonjwa. Dalili inasemeka hata mbele za watu, na ndiyo inayomwambia mkono ufanye nini.

Unalala na mito mingapi? Swali hilo linaonekana la kawaida tu, lakini anayejibu "mitatu, nikilala chali nakabwa" huenda moyo wake unashindwa kusukuma damu, na miguu yake yote miwili iliyovimba jioni ina maji ambayo hupaswi kuyasukuma kwa nguvu yarudi kwenye moyo uliokwisha kuchoka. Kandambili imewahi kukutoka mguuni usijue? Anayesema ndiyo, nyayo zake zimekufa ganzi. Ukijikata na kisu jikoni, damu inachukua muda gani kukatika? Hapo utamjua anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, hata kama jina lake halijui, na utajua kwamba kidole chako kikikandamiza sana kitamwachia mavilio ya damu mwili mzima. Kuumikwa ndiyo kabisa asifanyiwe. Ukigeuka kitandani usiku, mgongo unakuamsha? Hilo nitalirudia, kwa maana ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Ganzi kwanza. Mama yangu mkubwa alikuwa na kisukari kwa miaka mingi kule Rungwe. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika na ukungu haujapanda, mtu mmoja wa jirani aliyesifika kwa kukanda alimwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, ili "damu itembee" kabla hajachuliwa. Mama mkubwa alikaa akipiga stori. Hakulalamika hata mara moja, na mkandaji akaona maji ni ya kiasi. Alipotoa miguu, ngozi ya unyayo ilibaki imekunjamana kama soksi iliyoloa. Hakuwa amesikia chochote. Kidonda kile kilichukua miezi kupona, na alipoteza vidole viwili. Yule mkandaji alikuwa mtu mwema, alilia kuliko sisi.

Nasimulia hili kwa sababu baridi yetu inachochea kosa hili hasa. Kuanzia Juni hadi Agosti kila mmoja huku anataka joto: maji ya moto, chupa ya moto, mawe yaliyopashwa, taulo lililotoka kwenye sufuria. Kwa mtu mwenye mishipa ya fahamu iliyokufa, maumivu ambayo yangemwambia aondoe mguu hayaji. Maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mkandaji, kamwe yasijaribiwe kwa mguu wa mgonjwa wa kisukari. Hata kwa mkandaji viganja si vya kuaminika, kwa sababu kiganja cha mtu anayeshika maji ya moto kila siku kimekwisha kuwa sugu. Na nyayo zitazamwe chini ya mwanga, katikati ya vidole, kabla ya mafuta: mchubuko mdogo ambao mwenyewe haujui unaweza kuwa mwanzo wa kukatwa mguu.

Kwa anayejichoma insulini liko jambo jingine ambalo wachuaji wachache wanalijua. Ukisugua paja au tumbo mahali alipojichoma muda mfupi uliopita, dawa inaingia kwenye damu haraka kuliko ilivyopangwa, sukari inashuka, na mteja anaanza kutoka jasho la baridi na kutetemeka akiwa kitandani kwako. Muulize amechoma wapi na amekula saa ngapi. Uwe na soda au sukari karibu.

Upande wa presha nitapita haraka, kwa sababu huko hofu imezidi kuliko hatari. Mwenye presha inayotulia kwa dawa anaweza kuchuliwa, tena humsaidia kulala. Asinyanyuke kwa pupa tu, akae kwanza dakika mbili miguu ikining'inia, kwani dawa zake nyingi humfanya ahisi kizunguzungu anaposimama. Ila kipimo kikisoma 180 kwa 120 au zaidi, kitanda kisubiri, huyo ni wa hospitali. Mashine za kupimia zinauzwa kwenye maduka ya dawa, na kwa saluni inayochua watu kumi kwa siku nadhani inapaswa kuwa kifaa cha kwanza kabla ya mawe ya moto. Na mwenye figo anayesafishwa damu ana mkono mmoja wenye mshipa unaotetema ukiugusa. Mkono huo usichuliwe wala usifungwe chochote.

Sasa arobaini. Huku kwetu, kama kwingi nchini, mzazi hukandwa. Mama mkwe au bibi hukaa na mzazi, maji yakachemshwa kwenye sufuria kubwa, taulo likatumbukizwa na kukamuliwa, tumbo likakandamizwa ili "uchafu utoke" na tumbo lirudi. Naiheshimu desturi hii. Ndani yake kuna kitu ambacho hospitali haiwezi kumpa mwanamke: mtu mzima anayemshughulikia yeye, wakati wengine wote wamemzunguka mtoto. Hata muda wake una busara. Wiki 6 baada ya kujifungua ndicho kipindi ambacho damu ya mwanamke huwa tayari zaidi kuganda, na siku 40 za arobaini zinakaribiana sana na wiki hizo. Wazee walijua kuwa huo ni wakati wa kumwangalia mama kwa macho mawili.

Lakini mambo mawili yamebadilika. Wanawake wengi zaidi sasa wanajifungua kwa upasuaji, na mshono wa ndani hauonekani kwa anayekanda. Kidonda cha juu kikiwa kimefunga, cha kwenye kizazi bado kinapona. Tumbo la aliyepasuliwa lisikandamizwe na lisiwekewe taulo la moto. Jambo la pili ni kumlaza ndani siku nyingi bila kutembea kwa kumhurumia, halafu kumchua miguu kwa nguvu kwa sababu imevimba. Hapo tunamtengenezea mgando na kisha tunaukanda. Mzazi atembee nyumbani mapema, achuliwe mabega na mgongo ambavyo ndivyo vinavyouma kwa kunyonyesha, na miguu itazamwe kila siku, mmoja dhidi ya mwingine. Na kwa mjamzito ambaye bado hajajifungua, akipitisha wiki ya 20 akavimba uso na mikono, kichwa kikamgonga na macho yakaona vimulimuli, hayo hayachuliwi. Apimwe presha siku hiyo hiyo, kifafa cha mimba hakingoji kliniki ya mwezi ujao. Wala wale wanaogeuza mtoto tumboni kwa mikono nyumbani sina la kuwatetea. Kondo linaweza kuachia, na mama akavujia damu ndani.

Vijana nao wana lao, na liko kwenye saluni za kiume. Ukimaliza kunyolewa unafanyiwa skrabu, unakandwa kichwa na mabega, halafu kinyozi anakushika kidevu na kisogo na kuizungusha shingo ghafla hadi ilie. Kijana anatabasamu, wenzake wanangoja zamu. Shingoni hupita mishipa minne mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, miwili mbele na miwili nyuma, na hiyo ya nyuma imepita ndani ya matundu ya pingili zenyewe. Shingo ikizungushwa kwa kasi, ngozi ya ndani ya mshipa inaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na kipande kikaenda kichwani. Kiharusi hicho kinaweza kuja saa kadhaa au siku kadhaa baadaye, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka kinyozi. Mwaka 1993 daktari wa Marekani Michael Weintraub alichapisha visa vya wanawake watano waliopatwa na dalili za kiharusi baada tu ya kulazwa shingo nyuma kwenye sinki la kuoshea nywele. Hao hawakuzungushwa na mtu. Ni nadra, nakubali, na wengi watazungushwa shingo maisha yao yote na wasipate kitu. Lakini faida yake ni nini hasa, ukiacha ule mlio? Mtu mwenye presha, mvutaji wa sigara, mzee wa miaka sitini, anachezewa hatari ya kupooza kwa ajili ya mlio. Vinyozi waache, na wateja tukatae. Na ukiwahi kuzungushwa kisha ukaumwa shingo upande mmoja kwa namna usiyoizoea, ukaona vitu viwili viwili au ulimi ukawa mzito, nenda hospitali na useme kilichotokea.

Nirudi kwenye mgongo. Katika kila maumivu kumi ya mgongo wa chini yanayoletwa kwa mchuaji, nakisia tisa ni ya misuli na mizigo, na mikono mizuri huyapunguza. Ila hilo la kumi ndilo linalovunja watu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021-2025 iliiweka Tanzania kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hakikai kifuani tu. Hushuka kwenye pingili za uti wa mgongo, kikazila polepole kama mchwa anavyokula nguzo. Kwa nje mtu ana maumivu ya mgongo yasiyoisha miezi, joto la jioni, jasho la usiku, nguo zinazozidi kumpwaya. Ukimkandamiza mtu huyo kwa goti mgongoni, au ukamvuta "kurudisha pingili", unaweza kuiangusha nguzo ile juu ya uti na asisimame tena. Ugonjwa wenyewe unatibika, na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Inauma kufikiria mtu akapooza kwa kitu kinachotibika kwa vidonge.

Mzee wa tezi dume naye yumo humo. Saratani ya tezi dume hupenda kukimbilia mifupa ya mgongo na nyonga, na mifupa iliyoingiwa hivyo huvunjika kwa nguvu ndogo sana. Mzee hatakuambia kuhusu mkojo wake, atakuambia mgongo. Kwa hiyo lile swali la usiku. Maumivu ya mizigo hupungua ukilala. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au yanayokuja na kukonda, homa, miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia haja, hayana kazi na mafuta. Hizo tatu za mwisho ni za hospitali leo, hata kama ni usiku.

Baada ya kuandika haya yote naogopa kosa la upande wa pili, nalo nimeliona. Iringa nilizungumza na mama aliyekuwa ameondolewa titi moja. Alikwenda kuchuliwa mabega, akasema kweli yake, akaambiwa atoke, "saratani itasambaa." Alirudi nyumbani akiwa amejiona kama kitu kichafu. Ushahidi hauungi mkono kwamba kuchua kwa upole kunasambaza saratani. Katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering huko New York, watafiti walichapisha mwaka 2004 taarifa za wagonjwa 1,290 waliochuliwa humo kwa miaka mitatu, na makali ya dalili kama maumivu, uchovu, wasiwasi na kichefuchefu yalipungua kwa karibu nusu. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiifanye kuwa ahadi. Lakini ni wagonjwa wengi, na ni ushahidi wa kutosha kwamba mlango usifungwe.

Huyo mama alihitaji mchuaji anayejua mambo machache: asikandamize palipo na uvimbe wala palipopigwa mionzi, mkono wa upande ulioondolewa tezi za kwapani usikandwe kwa nguvu wala kwa joto kwa kuwa huvimba na kubaki umevimba, na aliyetoka kwenye dripu za saratani wiki hizi damu yake ni nyepesi na kinga iko chini, basi mikono iwe mepesi na misafi. Yaliyobaki, yaani shingo, mabega, mgongo, nyayo, kichwa, angeweza kupewa. Kupunguza nguvu, kubadilisha mahali, kusubiri wiki mbili, kumlaza ubavu badala ya kifudifudi: kati ya kuchua kama kawaida na kufukuza kuna nafasi kubwa sana, na kazi yote ya ustadi iko humo.

Hospitali pia hazijasafika katika hili. Mtu anaruhusiwa na dawa za kuzuia damu kuganda, anaambiwa lini arudi na asile nini, halafu haambiwi neno moja kuhusu kuchuliwa. Kila daktari na muuguzi aliyekulia huku anajua kwamba mgonjwa akifika nyumbani kuna shangazi anamsubiri na mafuta ya nazi. Sentensi mbili kwenye karatasi ya kuruhusiwa zingetosha: wapi usiguswe, hadi lini.

Na serikali? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilianzisha baraza lake, lakini kati ya tiba na urembo kuna uwazi, na masaji ya saluni yamekaa humo humo. Leseni ya biashara haimuulizi mtu anajua nini kuhusu mshipa. Sioni haja ya kuwafungia hawa akina dada na vijana, wamejiajiri kwa mikono yao. Ningependa halmashauri zetu ziwaombe wafiziotherapia wa hospitali za rufaa wawape siku tatu za mafunzo kabla ya leseni: kupima vigimbi, kutazama nyayo, maswali ya mito na ya usiku, namba ya simu ya kupiga. Wanaoandika majibu daftarini wafundishwe pia kulifungia kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na daftari hilo linalala juu ya meza wanaposukiwa majirani.

Dada wa Mwanjelwa aliwahi kuwa mhudumu wa wodini kwa miaka kadhaa kabla ya kukodi kile chumba, ndiyo maana alijua. Asubuhi ile hakupata hela. Alipoteza mteja na nusu saa, na nauli ya bajaji akaitoa yeye.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu. Bado alikuwa kwenye dawa, na safari hii alikuja na karatasi ya daktari ndani ya pochi, imekunjwa mara nne. Dada aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni ili apate mwanga, akamuuliza ameamkaje, akaushika uzi akapima tena vigimbi, kulia kisha kushoto. Zilikutana ncha. Akamkalisha kwenye kiti, akapasha mafuta viganjani, akamchua mabega kwa nguvu ya kupangusa vumbi. Miguu hakuigusa.